Paneli za kiwandani sawa, ila Mabatini zitapandaje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kila likizungumzwa suala la makazi tunatajiwa ile namba ya upungufu wa nyumba milioni 3 nchi nzima, na siku hizi ikishatajwa tu linafuata neno teknolojia, kwamba kuta za zege, yaani hizo paneli, zitatoka kiwandani zikiwa tayari, kreni inazipanga, nyumba inasimama fasta na pengo linazibika. Sipingi. Nimekaa saiti miaka mingi hapa Mwanza, najua saruji inayopotea kwenye plasta ya kufichia ukuta uliopinda. Ila hawa wanaopanga naona wanaangalia ukuta tu, na ukuta kwa mtu wa Mwanza ndio sehemu rahisi.

Njoo mitaa yetu ya milimani, Mabatini, au Igogo, au kule juu Isamilo. Lori linamwaga tofali chini barabarani, kuanzia hapo ni vibarua, tofali kichwani, mchanga kwa ndoo, maji kwa madumu, nondo begani, na kila tripu inalipiwa, kwa hiyo tofali likifika juu bei ya dukani ushaisahau. Halafu uje kwenye msingi sasa. Upande huu jiwe limetuna, upande ule bonde, inabidi unyanyue ukuta wa mawe kwanza ndio upate usawa wa chumba, na jiwe lenyewe watu wanalichoma moto mpaka lipate ufa ndio waanze kulipiga nyundo. Kuna watu nawafahamu hela yote iliishia hapo, wana msingi mzuri kuliko nyumba za wengine lakini hawana pa kulala. Hiyo paneli ya zege inapitia wapi? Kreni inasimama wapi, wakati hata bodaboda anakushusha chini anakwambia malizia kwa mguu?

Mtu atasema basi zijengwe Buhongwa, Kishiri, Buswelu kwenye nafasi. Sawa, huko inawezekana, ila huko nako unapewa kiwanja barabara iko kwenye ramani tu, na maji ya bomba unayasubiri wakati ziwa lenyewe hilo hapo.

Kuna na suala la hela, ambalo naona linarukwa sana. Watu wetu wanajenga kidogo kidogo, mchezo wa upatu ukitoka anapiga msingi, mwakani tofali, boma linakaa nyasi zinaota ndani, siku akipata tena anapaua. Robo paneli huwezi kununua bwana. Nyumba ya kiwandani inataka hela kwa mkupuo, maana yake mkopo, na mkopo wa nyumba riba yake bado ni ya tarakimu mbili na benki inataka hati na salari slipu. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba salari slipu ataitoa wapi, na wengi milimani wana karatasi ya serikali ya mtaa basi.

Mimi teknolojia ninayoililia ni ile tuliyonayo miaka yote. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi walizihimiza zile tofali za kufungamana, udongo na saruji kidogo vinashindiliwa kwenye mashine ya mkono, hakuna kuni za tanuri, zinapangwa zikishikana zenyewe kwa hiyo mota ya kuunganishia unatumia kidogo sana na plasta sio lazima. Mashine inabebeka, unaipandisha mlimani watu wachache mnafyatulia hukohuko, na mtu anafyatua kadiri ya mfuko wake. Sio udongo wowote lakini, ule mweusi wa mbuga unavimba na kupasuka, haufai kabisa, na luseni, yaani udongo wa kichanga, mchanga ukizidi lazima uchanganye na wenye mfinyanzi. Zilipata sifa mbaya sehemu nyingine kwa sababu watu walifyatua wakaanika juani bila kumwagilia, mvua ikaja zikamomonyoka, lawama ikaenda kwa tofali. Kwa hiyo mashine iende na mafunzo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwanini vikundi visikope mashine hizi badala ya kila kikundi kukopa bodaboda?

Na serikali ikitaka kujenga kitu ijenge vile ambavyo sisi hatuwezi. Miaka ya 70 kulikuwa na mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mwanza nayo ilikuwemo, walichofanya ni kupima viwanja, kuchonga barabara, kuvuta maji, nyumba wakajenga wananchi wenyewe. Hakuna paneli wala kreni pale, na nyumba zikapatikana.

Kwa hiyo swali langu kwa wahusika ni dogo tu: kabla hatujaletewa viwanda vya kuta, ni kata zipi za wilaya zetu za Nyamagana na Ilemela zitachongewa barabara na kuvutiwa maji kwenye viwanja ambavyo vimeshapimwa na kulipiwa? Wakitupa orodha hiyo kwenye gazeti lako tutashukuru.

Msomaji wako,
Mahina, Mwanza