Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Waraka wa watumishi unatuzuia wananchi getini

Kwa: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

Yah: Wananchi kurudishwa getini kwa sababu ya mavazi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Najua mezani kwako kuna mengi: ajira, uhamisho, watumishi wanaosubiri kupandishwa madaraja. Kwa hiyo sitazunguka. Naomba utoe maelekezo kwa maandishi kwamba mwananchi anayefuata huduma katika ofisi ya umma asirudishwe getini kwa sababu ya nguo aliyovaa.

Ukiwauliza wasaidizi wako, huenda wakakwambia hakuna aliyewahi kuagiza mwananchi arudishwe. Watakuwa na hoja. Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 unahusu mavazi ya watumishi wa umma. Anayelipwa mshahara na Serikali anapangiwa avae nini akiwa kazini, na mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo; mtumishi nadhifu ananipa imani kwamba hata faili langu litakuwa mahali pake. Lakini katika miaka hii yote waraka umetembea. Ulitoka kwenye kabati la ofisa utumishi, ukapita korido, ukatoka nje hadi kwenye kibanda cha mlinzi, na huko umepewa kazi ambayo haukuandikiwa.

Bango lenyewe bila shaka umeshaliona. Nililolisoma mimi mara ya mwisho lilikuwa limepauka kwa jua, limebanwa na misumari minne kwenye ukuta wa kibanda. Upande wa wanawake una picha nyingi kuliko wa wanaume: gauni lisilo na mikono, sketi iliyopanda juu ya goti, blauzi ya mgongo wazi, suruali ya kubana, nguo inayoonyesha ndani. Wanaume wamewekewa kaptura, fulana ya kukata mikono na suruali iliyoshushwa makalioni, ile ya mlegezo. Kila picha imepigwa alama ya X nyekundu. Juu kabisa pameandikwa kwamba hayo ni mavazi yasiyokubalika mahali pa kazi. Mahali pa kazi, Mheshimiwa. Anayelisoma pale nje kaja kulipia, kuulizia au kusaini, kisha arudi kwake.

Siku hiyo nilikuwa nafuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Sitaitaja, kwa kuwa ningeweza kutaja nyingine nyingi. Mbele yangu kulikuwa na dada amevaa gauni la kitenge la kukata mikono, mtoto mgongoni. Mlinzi akamwambia, "Dada, hivyo huingii." Yule dada akajibu kwa upole, "Kaka yangu, nimetoka Chanika tangu alfajiri, naomba unisaidie." Mlinzi akagonga lile bango kwa kalamu: "Siyo mimi, ni utaratibu."

Utaratibu una soko lake. Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza mihogo ya kukaanga na chachandu, na chini ya meza yake ana mfuko wa sandarusi umejaa khanga. Kukodi moja ni shilingi 500, na unaacha simu au kitambulisho kama rehani. Dada akavuka, akalipa, akajitanda mabegani juu ya mtoto, akarudi, akapita. Bega lilikuwa lilelile na shida ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mia tano kutoka mkononi mwake. Nyuma yangu alikuwapo fundi ujenzi, ana pensi iliyojaa saruji na yeboyebo miguuni. Mwanaume hana khanga ya kukodi. Aliambiwa akabadilishe, akaangalia saa, akaondoka. Mtu wa kulipwa kwa siku akipoteza asubuhi yake na nauli ya daladala, hakuna anayemrudishia.

Wakati hayo yanaendelea ilifika Land Cruiser nyeupe yenye vioo vya giza. Kizuizi kikapanda juu, saluti ikapigwa. Hakuna aliyeombwa kushusha kioo ili tuone kama ndani kuna kaptura.

Simlaumu yule mlinzi. Ni kijana wa kampuni binafsi ya ulinzi, anasimama juani kutwa nzima, na kama akimpitisha mtu halafu bosi mmoja akakunja uso, kibarua kinaota nyasi. Ninalouliza ni kwa nini Serikali imemwachia yeye uamuzi mzito kiasi hicho. Nguo "ya kubana" inapimwa kwa kipimo gani? Mdada mwembamba na mwenzake mwenye mwili wakivaa sketi za fundi mmoja, kitambaa kimoja, urefu mmoja, mwembamba anapita na mwenye mwili anasimamishwa. Hapo kinachokaguliwa ni umbo aliloumbiwa na Mungu. Na anakaguliwa mbele ya foleni, kwa sauti, na mwanaume asiyemfahamu, anayemtazama juu hadi chini na kumwambia ageuke. Tunalinda staha kwa njia hiyo?

Katiba yetu katika ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na katika kueleza ubaguzi ni nini imetaja, pamoja na kabila, dini na jinsia, hali ya maisha ya mtu. Yeboyebo ni hali ya maisha. Fundi yule hakuzivaa kwa dharau kwa ofisi ya umma.

Inauma zaidi hospitali. Mtu kapigiwa simu usiku kwamba ndugu yake kapata ajali, katoka kama alivyo, na getini anaambiwa nguo yake haifai. Nimeona mama kapeleka uji wa mgonjwa, mikono imeshika chupa ya chai na bakuli, anaombwa kwanza atafute cha kujifunika. Hapo nashindwa kuelewa tunamlinda nani na nini. Mgonjwa aliye wodini amevaa shuka.

Kuna wazee watakaosema haya ni mambo ya vijana wa leo waliopotoka. Wakumbushwe kwa upole, wao ndio walikuwa vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku Dar es Salaam kuvaa vimini, mawigi na suruali za kubana, pamoja na kujipaka mikorogo. Hata kabla ya tarehe yenyewe kufika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameshaanza kuwavamia wasichana Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi, hadi polisi wakaingilia kati. Viongozi hawakuwa wamewatuma kuvamia mtu. Walitangaza tu kwamba mavazi ya wanawake ni suala la taifa, na wapo waliosikia kwamba kila mwenye nguvu sasa ni mkaguzi.

Miaka hiyohiyo Wamasai walitakiwa waache lubega wavae suruali, na waliokaidi walizuiwa kupanda mabasi na kuingia maeneo ya umma. Lubega ilionekana ni aibu kwa nchi inayotaka maendeleo. Leo picha ya Mmasai na lubega yake iko kwenye vipeperushi vya utalii, na jengo la pili kutoka ofisi ninayoizungumzia linalindwa na Mmasai aliyevaa lubega na kushika rungu, na hakuna anayemwambia akabadilishe. Inawezekana hata bango la leo wajukuu wetu watalicheka.

Majirani wamepitia njia hiyo. Uganda ilipitisha Sheria ya Kupinga Ponografia, Rais akaisaini Februari 2014, na kwa kuwa mitaani iliitwa sheria ya vimini, wanaume wakaanza kuwavua wanawake nguo hadharani hadi polisi wakalazimika kuwaonya. Mahakama ya Katiba ilikuja kuyafuta mambo ya msingi katika sheria hiyo mwaka 2021. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye stendi ya matatu, mchana, kwa madai kwamba kavaa vibaya. Wanawake waliandamana tarehe 17 Novemba wakidai kwamba nguo ni uamuzi wa anayeivaa, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Kenya likaweka kwenye sheria kosa mahususi la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Sisemi mlinzi wetu wa getini ni sawa na wahuni wa stendi. Lakini msichana aliyerudishwa asubuhi na ofisi ya Serikali, anapita kituoni mchana akiwa na gauni lilelile, na wapiga debe wameshajua Serikali inamwonaje.

Hata wenye nafasi hawajasalimika. Tarehe 1 Juni 2021 Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini Dodoma baada ya mbunge mwenzake wa kiume, Hussein Amar wa Nyang'hwale, kulalamikia suruali yake, na Spika Job Ndugai akamtaka akavae vizuri ndipo arudi. Nchi nzima ilijadili ile picha ya blauzi ya njano na suruali nyeusi, na wengi tulishindwa kuona kosa. Kama mbunge, tena aliyechaguliwa na jimbo, mwenye kanuni za kumlinda na kamera zinazomwangaza, hakupona, basi dada wa Chanika ana nini cha kujitetea? Najua Bunge na Mahakama ni mihimili inayojitegemea na ina taratibu zake, wala sikuombi uiingilie. Ninazungumzia ofisi zilizo chini ya mkono wako.

Kuna hoja moja nitakayoulizwa lazima: je, mtu akija uchi? Jibu ni kwamba Kanuni ya Adhabu inashughulika na anayejianika hadharani, na polisi wapo. Miaka yote niliyopanga foleni za Serikali sijamwona huyo mtu, wakati wa mabega wazi na kandambili nimewaona kila nilipokwenda. Tusiwahukumu waliofika kwa ajili ya mmoja ambaye hajawahi kufika.

Na wale wanaosema hii ni mila na dini zetu, nawaheshimu, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Kwetu Ijumaa msikitini sikuhitaji bango kujua nivae nini. Mama zetu walitufundisha, shangazi wakatukanya, na mtaa ukakamilisha. Malezi hayo yapo na yanafanya kazi yake, ila hayakuwahi kuwa sharti la mtu kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama limeangaliwa huko Mtumba. Huduma nyingi sasa zimehamia mtandaoni. Mwenye simu janja na bando anajaza fomu akiwa kitandani na pajama, anapewa namba ya malipo, analipa, kesho anapokea ujumbe. Hakuna anayemkagua. Wanaobaki kufika getini kwa miguu yao ni wasio na simu ya aina hiyo, wasiojua kujaza, wazee, wanaotoka pembezoni. Hao hao ndio wenye nguo chache. Kadiri mifumo inavyoboreshwa, ndivyo bango linavyozidi kuwaangukia wanyonge peke yao.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya, na hayahitaji bajeti wala kamati. Andika waraka mfupi kwa wakuu wote wa taasisi, makatibu tawala na wakurugenzi wa halmashauri, ueleze kwamba maelekezo ya mavazi yanawahusu watumishi na kwamba hayawezi kutumika kumnyima mteja huduma. Agiza mabango yaliyo nje yahamishiwe ndani, kwenye chumba wanachosaini mahudhurio, kwa kuwa huko ndiko walipo wanaohusika. Wakuu wa ofisi waelekezwe kuweka jambo hili kwenye mikataba yao na kampuni za ulinzi, ili mlinzi naye awe na karatasi ya kumwonyesha bosi anayekunja uso. Na ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja ambao kila taasisi imeubandika mapokezi, ukituahidi tutahudumiwa ndani ya siku kadhaa, uongezwe mstari mmoja kwamba siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale mteja anapofika getini.

Kama yupo mkuu wa taasisi anayeona kweli kuna wateja wasiopaswa kuingia kwa sababu ya mavazi yao, atoe sababu hiyo kwa maandishi, aisaini kwa jina lake, ampe mteja nakala. Nina hakika kurudishwa kwa watu kutapungua siku hiyohiyo, maana kusema "ni utaratibu" ni rahisi, kusaini ni kazi.

Waraka ukitoka, naomba ubandikwe kwenye vibanda vya walinzi, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa bango, na namba ya kulalamikia iwe ya simu inayopokelewa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam.