Mhariri, Dhoni alikua kipa, siyo mrushaji

Mhariri shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi marahaba naipokea mapema.

Mi nakatisha tiketi za basi hapa stendi Arusha na gazeti lenu nalisoma miaka mingi, silinunui kila siku nakiri, abiria akishalichoka analiacha kwenye benchi mi naliokota nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa juzi kati ukurasa wa michezo, chini kabisa, baada ya habari ya Simba na Yanga na nyingine tena ya Simba na Yanga, mkaweka mistari kama mitano ya kriketi mkamtaja mchezaji mmoja wa India mkamwita "Doni" alafu mkasema ni mrushaji hodari wa zamani. Nilicheka kwanza, alafu nikakasirika. Ni sawa na mtu aandike Juma Kaseja alikua straika matata, hapo mngepigiwa simu mpaka laini zife, lakini kwa kuwa ni kriketi mkajua hamna atakayeona. Nimeona mimi.

Utauliza mswahili wa stendi kriketi kaijulia wapi. Nikiwa chalii nilikua nabeba mizigo kwenye duka la vipuri la Mhindi mmoja hapa mjini, wote tulikua tunamwita Bhai, alikua na tivii ndogo juu ya shelfu ya mikanda ya feni na siku India inacheza huuziwi kitu, mteja anaulizia bushi za Land Rover anaambiwa subiri ova iishe, ndo nikajua ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja. Tukaanza na sisi nyuma ya duka kucheza kwa kipande cha mbao na mpira wa tenisi, wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji ambavyo mrushaji anavilenga, kwetu ni madebe ya oili. Kwa hiyo wanaosema huu ni mchezo wa matajiri mi nawaangalia tu.

Turudi kwa mtu wetu. Mahendra Singh Dhoni kazaliwa tarehe 7 Julai 1981 Ranchi, mji ambao enzi hizo kwenye kriketi ulikua haujulikani, wachezaji wakubwa walikua wanatoka Mumbai, Delhi, Bangalore huko. Baba yake alikua fundi wa pampu za maji kwenye kampuni ya serikali, wanakaa nyumba za kampuni, maisha ya kawaida tu. Na huyu dogo alikua anacheza mpira wa miguu, tena golikipa, mpaka kocha wa shuleni akamwona anavyodaka akamwambia hebu njoo udake nyuma ya wiketi. Ndo hivyo mhariri, mtu wa glavu toka utotoni! Kurusha alirusha mara chache sana za kubahatisha, kazi yake ilikua kudaka nyuma na kupiga, na hapo nyuma mikono yake ilikua na spidi mpaka mpigaji akinyanyua mguu kidogo tu wiketi zimeshaanguka kabla hajaurudisha chini.

Alafu kuna kipande hiki ambacho mimi nakipenda kuliko vikombe vyote. Kuanzia 2001 hadi 2003 Dhoni alikua mkagua tiketi wa reli, stesheni ya Kharagpur. Yaani anavaa sare anapita kwenye behewa, tiketi tiketi, naomba tiketi. Reli ilimpa ajira ili aichezee timu yake, lakini kazi ni kazi, na sisi wa tiketi tunajua, mtu anakwambia nashuka hapo mbele tu kumbe anaenda mwisho wa safari, mwingine anakutukania mama yako kwa nauli ambayo hujaipanga wewe. Siku Bhai ananihadithia hii habari ya tiketi sikuamini, nilijua ananipa moyo tu, baadae nikaja kuhakikisha mwenyewe.

Na sasa sikiliza hii manake ndo imenifanya nishike kalamu. Mwaka 2004 timu ya pili ya India, India A, ilikuja Nairobi kucheza na Kenya na Pakistan A. Dhoni alikua hajulikani hata kwao, nywele ndefu mpaka mabegani. Akawapiga Pakistan A rani 120, rani ndo pointi za kriketi, mechi nyingine akawapiga tena hao hao 119 na hakutolewa. Pale Nairobi! Mwaka huo mi nilikua konda wa shato za Arusha kwenda Nairobi, naondoka asubuhi, foleni Namanga, mhuri, mchana nipo Nairobi napakia narudi. Mtu ambaye kesho yake angekua nahodha wa dunia alikua anapiga mpira juu kilomita chache kutoka nilipokua najibizana na wapagazi kuhusu mabegi, na mi sijui chochote. Inaniuma mpaka leo kusema ukweli. Safari ile ndo iliyomfungulia mlango wa timu ya taifa, Desemba mwaka huo huo akaitwa, mechi ya kwanza na Bangladesh kule Chittagong akatoka na sifuri, tena kwa kutoelewana na mwenzake kwenye kukimbia, wiketi ikaangushwa kabla hajafika, wenyewe wanaita rani auti. Kwetu angeshaandikwa galasa. Wao wakampa nafasi nyingine na nyingine, mechi yake ya tano Aprili 2005 akapandishwa kupiga wa tatu dhidi ya Pakistan akaondoka na rani 148, na Oktoba mwaka huo Sri Lanka akawapiga 183 bila kutolewa, sita kumi humo ndani, yaani mipira kumi imevuka kamba bila kugusa chini.

Unahodha wake mnaujua au niseme msioujua, 2007 kombe la kwanza la dunia la ova ishirini Afrika Kusini, India wanacheza fainali na Pakistan Johannesburg, ova ya mwisho Pakistan wanataka rani 13, warushaji wenye majina wapo yeye akampa mpira Joginder Sharma ambaye hata Bhai alikua hamjui vizuri. Bhai alisimama akazima tivii kwa hasira! Tukaiwasha wenyewe, Misbah mpigaji wa Pakistan akapiga mpira ukapanda juu ukadakwa, India wameshinda kwa rani tano. Bhai akatununulia soda wote mpaka yule kijana wa duka la jirani aliyekua shabiki wa Pakistan.

Fainali ya kombe la dunia la ova hamsini 2011 Mumbai, tarehe 2 Aprili, ilianza saa sita mchana kwa saa zetu ikaisha saa mbili na kitu usiku. Sri Lanka wameweka 274, India Sehwag katoka sifuri, Sachin katoka mapema, duka zima kimya kama msibani. Dhoni ambaye mashindano yote alikua hajapiga vizuri akajipandisha mwenyewe kuingia kupiga mbele ya Yuvraj aliyekua wa moto kuliko wote, ukikosea hapo nyumbani hurudi. Akamaliza na 91, hajatolewa, na mpira wa mwisho akaupiga sita ukaenda kwa mashabiki. India walikua hawajachukua lile kombe tangu 1983. Hapa lakini niseme kitu mashabiki wake hawapendi kusikia, mwenzake Gambhir siku ile alipiga 97, ndiye aliyebeba gogo lenyewe, na mchezaji bora wa mashindano alikua Yuvraj, ila picha iliyobaki ni ya ile sita tu. Hata Bhai alikua hamtaji Gambhir, mpaka nimkumbushe.

2013 akachukua Champions Trophy huko Uingereza, akawa nahodha wa kwanza kuwa na makombe yote matatu ya ICC, wale wasimamizi wa kriketi duniani. Na siyo kwamba alikua malaika, timu yake ya ligi ya huko India, Chennai Super Kings, ilifungiwa misimu miwili, 2016 na 2017, kwa mambo ya kamari ya mmoja wa viongozi wake, wakarudi 2018 wakabeba ubingwa wakachukua na 2021 na 2023, jumla mitano ukihesabu na miwili ya kabla ya kufungiwa. Miaka ya mwisho timu ya taifa alikua anapiga taratibu mno, nilikua nagombana na tivii. Nusu fainali ya kombe la dunia 2019 Manchester na New Zealand, bado yupo wanamtegemea, Guptill akarusha mpira kutoka mbali ukagonga wiketi moja kwa moja, Dhoni 50, rani auti. Alianza kwa rani auti akamaliza kwa rani auti. Tarehe 15 Agosti 2020 akaweka picha zake Instagram akasema kuanzia saa 19:29 mnihesabu nimestaafu, basi, hamna mkutano na waandishi wala keki.

Kingine mhariri, msituambie huu mchezo siyo wetu. 1975 kombe la dunia la kwanza kabisa kulikua na timu ya Afrika Mashariki, wachezaji wa Kenya, Uganda, Zambia na Tanzania pamoja, wakacheza na hao hao India kule Leeds. Walipigwa vibaya, wote wametoka kwa rani 120 na India wakazifikisha bila mpigaji wao hata mmoja kutolewa, lakini walikuwepo. Hii nayo sijaiona kwenye gazeti lenu, nilihadithiwa dukani.

Siombi ukurasa mzima. Naomba kakona kadogo Jumatatu, hata robo ya mnachompa mganga wa nguvu za kiume, na mwandishi ambaye kabla hajaandika anauliza mtu. Akikosa wa kumuuliza aje stendi, dirisha la pili ukitokea getini, kuanzia saa kumi na moja alfajiri nipo, nikimaliza basi la kwanza tunaongea. Na mkirekebisha ile habari iwe hivi: Dhoni, D-h-o-n-i, kipa.

Msomaji wenu,
Mkata tiketi, Arusha