Ile sehemu ya tatu

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Wote wazima, mama anakusalimu, mguu wa Bi Nuru umepoa, na yule mtoto wa Sauda kaanza kutembea. Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Mswada wako wa tamthilia niliumaliza usiku mmoja, nikashindwa nikujibu nini.

Ni ile sehemu ya tatu. Bi mdogo anatia unga wa mganga kwenye mchuzi wa bi mkubwa. Hata wewe, Zuhura? Wewe uliyelala kwetu likizo nzima, ukala kwenye majiko yote mawili?

Zamu unaikumbuka: siku mbili kwa mama, mbili kwa Mama Mkubwa, baba anahama na redio yake kwapani. Lakini jioni, zamu iwe ya nani, wawili wale wako barazani, ungo katikati, wanachagua mchele na kumsema mume wao yuleyule. Hilo sijaliona kwenye tamthilia hata moja. Kwenye runinga mitala ni sumu na kuvutana nywele. Kwenye taarabu ni vijembe. Tena mara nyingi wanachoonyesha si mitala, ni nyumba ndogo: mume anaficha, mke anafuma ujumbe kwenye simu. Hao hawakuulizana kitu. Kwetu waliulizana.

Sikuambii upake asali. Mwaka jana tukimenya mihogo, Mama Mkubwa aliniambia: "Nilikubali, ndiyo. Nikataka jiko langu, nikapewa. Ila usiku ule wa kwanza nilichemsha chai, nikaimwaga, nikachemsha tena." Akaendelea kumenya. Zuhura, ningekuwa mimi ningeanzia kwenye hiyo chai.

Mama yangu naye siku hizi hakosi Uthando Nes'thembu, kipindi cha runinga cha Afrika Kusini cha Musa Mseleku, kilichoanza 2017 akiwa na wake wanne. Nakipenda kwa sababu wake wenyewe wanasema, wanabishana, wanaonyesha walipoumia. Lakini 2021, serikali yao ilipoleta kwenye mjadala pendekezo la kuruhusu mwanamke kuolewa na waume zaidi ya mmoja, Mseleku alipinga hadharani. Iliniuma. Wake wanne walimkubalia yeye, halafu yeye hataki hata wazo la kuombwa ridhaa ya namna hiyo.

Nirudi kwenye mswada. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kuweka pingamizi mume anapotaka kuongeza mke, kama kwa kipato chake nyumba iliyopo itaumia. Nani ameigiza hilo? Bi mkubwa na kanga yake, mbele ya msajili, anahesabu karo na kodi… halafu sijui, labda anaweka pingamizi, labda analiondoa mwenyewe. Wewe ndiye mwandishi. Ule unga tu, nakuomba, utoe.

Au mtayarishaji ndiye aliyeutaka? Amekulipa tayari, au bado kuna nafasi ya kubadilisha? Unakuja Idi? Mwajuma alijibu nini ile posa? Na jingine: Mama Mkubwa alinikuta nasoma, akauliza ni hadithi ya nini, nikababaika. Nimsomee?

Wako,
Rehema