Uliza gari kabla ya kuuliza nyumba

Fuoni, Unguja

Shoga yangu Riziki,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mdogo wako aliyeshuka na meli ya asubuhi, na halua imefika salama, ahsante sana. Watoto hawakungoja hata chai. Nimefurahi mno kusikia kuwa uhamisho wako kutoka Pemba umekubaliwa na kwamba utaanza kazi hospitali ya Mnazi Mmoja. Umeniuliza upange wapi: Fuoni tuwe majirani, Bububu ambako umeambiwa kodi ni nafuu, au mjini kwenyewe. Ungeniuliza kwa simu ningekujibu kwa neno moja, lakini jambo hili lanikera kila siku ya kazi na sitaki uje uingie gharama ambayo hakuna aliyekutajia.

Mwenye nyumba atakwambia kodi yake. Hatakwambia kuwa kila asubuhi na kila alasiri utalipa kodi nyengine kwa utingo wa daladala, na ile ya pili haina mkataba.

Nauli yenyewe, kwa vile ilivyopangwa, siilalamikii sana. Serikali ndiyo inayoipanga, na kila ruti ina nambari yake mbele ya gari: 502 ni Bububu, 505 ni Uwanja wa Ndege, na nyengine vivyo hivyo. Ukilipa nauli ya ruti, umelipia mpaka mwisho wa ruti. Sasa tatizo liko hapo. Gari inaondoka huku utingo anaita mjini, nauli anakusanya mapema, halafu mkifika katikati ya njia mnaambiwa gari inageuza. Mnashuka, mnangoja nyengine, mnalipa upya. Kwenye karatasi nauli haijapanda hata senti, na mfukoni mwako imetoka mara mbili.

Acha nikuhadithie Jumatatu moja ya mwezi uliopita. Tulikuwa ndani ya gari, magoti kwa magoti, si unazijua hizi zenye viti viwili virefu vinavyotazamana na paa la kukuinamisha shingo. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mtu mzima, kadi ya hospitali ameishika ndani ya bahasha ya kaki. Fedha zake alizifunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili. Utingo alipomfikia alifungua fundo moja tu, akazipapasa sarafu moja moja, akampa. Lile jengine akalibana tena kwapani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa lile la pili ndilo la kurudia.

Tulipofika Mwanakwerekwe utingo akagonga bodi. "Mwisho wa gari jamani, tunageuza!" Bibi akauliza, "Mwanangu, hapa ndo hospitali?" Akaambiwa ashuke apande gari nyengine. Watu wakaanza kuinuka, kila mmoja ananung'unika kivyake, kama kawaida yetu. Ila baba mmoja aliyekaa karibu na mlango hakuinuka. Akasema taratibu, wala hakupiga kelele: "Turejeshee nauli zetu au tufaulishe." Na kwa vile yeye ndiye aliyeuziba mlango, hakuna aliyeweza kushuka. Utingo alipandisha sauti, akaishusha, akamtazama dereva. Mwisho akaisimamisha gari ya mwenzake iliyokuwa inapita, akamlipa yule utingo mwengine nauli za watu wote tuliokuwa tunaendelea, tukahamia. Bibi alifika Mnazi Mmoja na fundo lake la pili halijafunguliwa.

Kwa hivyo, Riziki, neno hilo lishike tangu leo: tufaulishe. Gari ikikatisha ruti, wao ndio wanaotakiwa wakupandishe nyengine na wailipie. Usione haya kulisema kwa kuwa wewe ni mgeni. Ukilisema wewe, wa pembeni yako naye atalisema. Tukishuka kimya kila siku tunawafundisha kwamba jambo lile ni halali.

Nataka pia niwe muadilifu, maana naishi ukuta mmoja na jirani ambaye ni dereva na mara nyingi huzungumza naye jioni akiwa anaosha gari. Gari si yake. Kila siku ana hesabu ya kumpelekea tajiri, ijae isijae, inyeshe isinyeshe. Baada ya hapo atoe mafuta, amlipe utingo, na kinachobaki ndicho chake. Asubuhi watu wote wanakwenda upande mmoja, wa mjini. Anakwenda kajaa mpaka mlangoni, anarudi shamba na abiria wawili watatu. Akigeuza Mwanakwerekwe, anazipata safari mbili zilizojaa katika muda wa safari moja na nusu. Alivyonieleza nilimfahamu vizuri, na simchukii. Ila nilimwambia na wewe nakwambia: hasara ya kurudi mtupu ni ya biashara, haifai kutwikwa bibi mwenye mafundo mawili ya sarafu. Wa kutwikwa ni tajiri, na huyo hatumwoni kamwe barabarani. Sisi tunagombana na kijana aliyening'inia mlangoni, naye mwenye gari yuko nyumbani kwake anangoja hesabu iliyo vile vile masika na kiangazi. Hesabu hiyo ingekuwa inakwenda na siku ilivyo, nusu ya ugomvi wetu usingekuwepo. Na wale wanaosimamia usafiri, badala ya kukagua leseni tu, wangesimama Mwanakwerekwe saa moja asubuhi wakaangalia gari ngapi zinageuza na abiria ndani.

Halafu kuna chenji. Utaona jambo dogo, na ndivyo linavyopita. Unatoa noti ya elfu moja, utingo anakwambia ngoja, unafika, anakwambia hana mia. Huwezi kuisimamisha gari nzima kwa shilingi mia, watu watakuona mgomvi. Lakini chukua kalamu uhesabu. Mia ikipotea asubuhi na mia ikipotea alasiri, kwa siku 22 za kazi ni shilingi 4,400. Nyumba yenye watu watatu wanaopanda gari ni 13,200 kwa mwezi, na hakuna anayeikumbuka ilikwenda wapi. Mimi natembea na kikopo cha sarafu: hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Nikifika dukani naomba chenji ya sarafu hata kama sina shida nazo. Utingo hupewa nauli kamili mkononi, basi. Ukija, anza kuziweka tangu huko Wete.

Kuhusu mafuta, huku kila mwezi ZURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Zanzibar, inatangaza bei mpya, na siku ile bei ikipanda, kabla jua halijachwa, utasikia kwenye gari mazungumzo ya nauli. Wengine wanaongeza wenyewe hata bila ya tangazo, hasa usiku na hasa mvua ikinyesha. Ikishuka sijapata kusikia utingo akisema leo tumepunguza. Sitaki nikuchoshe kwa hilo.

Linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa mimi ni mwalimu, ni watoto wa skuli. Mwanafunzi analipa chini ya mtu mzima, na hilo ni jambo jema, lakini kwa utingo kila mwanafunzi ni kiti kilichopotea. Utawaona asubuhi kituoni, kundi zima la sare nyeupe, gari inapunguza mwendo, utingo anachungulia, akiona watu wazima hawapo anagonga bodi na gari inapita. Au anasema "wanafunzi wawili tu," na hapo ndipo wenye nguvu wanapopanda na wadogo wanabaki. Darasani kwangu yuko mtoto wa kike anayetoka mbali, ana akili za kuzaliwa nazo, na kipindi cha kwanza hesabu anaisikia nusu. Akifika anasimama mlangoni anahema, viatu vina vumbi, nami najua ametembea vituo viwili vitatu ili apande pale ambapo gari bado tupu. Kuna walimu wanaowaadhibu waliochelewa. Mimi kwa sababu ya gari siwezi kumwadhibu mtoto, na nimelisema hilo kwenye kikao cha walimu. Serikali ikiamua mtoto alipe kidogo, basi lazima pawe na mtu wa kumfidia mwenye gari, au pawe na gari zao wenyewe. La sivyo ile nafuu ya mtoto inabaki kwenye tangazo, na miguu yake ndiyo inayolipa.

Sasa nirudi kwako na nyumba yako.

Bububu ni pazuri, upepo wa bahari, na kodi kweli ni nafuu. Unajua kwamba mwaka 1905 kulikuwa na garimoshi kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu? Nikikwama kwenye foleni ya Mtoni hunijia fikra hiyo: watu wa Bububu wa zaidi ya miaka mia nyuma walikuwa na reli ya kuwaleta mjini, na wajukuu wao leo wananing'inia mlangoni. Kwa mtu anayeingia ofisini asubuhi akatoka saa tisa na nusu, Bububu inawezekana. Wewe ni muuguzi. Una zamu ya usiku na zamu inayokwisha usiku. Saa tatu za usiku gari zinapungua, saa nne ni bahati. Hapo inabaki bodaboda, na bei ya bodaboda usiku kwa mwanamke aliye peke yake anaijua Mungu na yule kijana. Fuoni nako ni hivyo hivyo, nakwambia ingawa nafsi yangu inataka uje tuwe majirani.

Fikiria pia Ramadhani, si mbali. Alasiri ya Ramadhani kila mtu anataka kuwa nyumbani kabla ya magharibi, mjini pote watu wamesimama na mifuko ya tende na mihogo, gari zimejaa kabla hazijafika kituoni. Nimewahi kufuturu kwa maji na tende niliyopewa na mama nisiyemjua, gari imesimama kwenye foleni na adhana inasikika pande zote. Alhamdulillah, watu wetu wana huruma, gari nzima tulikula tende za yule mama. Lakini mtu aliyefunga kisha akauguza wagonjwa kutwa, nisingependa awe pale.

Kwa hivyo rai yangu ni mjini: Kikwajuni, Kisiwandui au Miembeni. Chumba kitakuwa kidogo, kodi itakutisha ukiisikia. Usikimbie. Toa kwenye kodi hiyo nauli za mwezi mzima za kwenda na kurudi, toa na za siku za kukatishwa ruti, toa na bodaboda za usiku, ndipo ulinganishe na Bububu. Mimi nimekupigia hesabu hiyo mara kadhaa na kila mara mjini panashinda. Na unatoka kazini unakwenda kwa miguu, umevaa sare yako, njia yenye watu na taa.

Nikutahadharishe kidogo na Darajani. Wewe unaikumbuka ile ya zamani, gari zote pale mbele ya soko. Siku hizi stendi ni Kijangwani, kwa hivyo mtu akikwambia "panda Darajani" muulize vizuri. Na siku utakayoshuka bandarini Malindi na mizigo yako usimkubali wa kwanza atakayekushika begi. Nitakuja kukupokea mwenyewe, nimeshamwomba yule jirani dereva, na bei yake tumekubaliana kabla.

Najua utazikosa gari za Pemba. Ile 606 ya Wete na Chake, yenye magunia juu na dereva anayemsubiri mtu aliyemwona anakimbia kutoka kichochoroni. Huku usitegemee kusubiriwa. Lakini ndani ya gari watu ni wale wale, ukipanda utasalimiwa, ukiwa na mtoto atapakatwa na mtu usiyemjua, na utingo huyo huyo aliyekuudhi asubuhi atakushikia ndoo yako jioni na kuwapanga watu upya ili ukae karibu na mwanamke mwenzio. Ndiyo maana sikubali tuseme kuwa hali hii haina dawa. Watu si wabaya, ila hakuna anayewasimamia.

Kikwajuni nimekiona chumba kimoja, kina choo ndani na dirisha la barabarani, mwenye nyumba ni mama mtu mzima anaishi chini. Anataka kodi ya miezi sita, nimemwomba apokee mitatu, hakukataa wala hakukubali. Ameniambia atanisubiri mpaka Ijumaa baada ya sala. Ukimaliza kusoma barua hii nipigie, uniambie kama nimpe chochote cha kukishika chumba, na tarehe ya meli yako.

Wasalimie mama na watoto wote, na umwambie mdogo wako kofia yake ameiacha kwangu.

Rafiki yako,
Salma