Tuulizwe tunabanwaje, sio mara ngapi tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Arusha nauza vitenge Moshi, na mkojo hunibana ghafla, kwa hiyo ile barabara naijua kwa vyoo vyake kuliko kwa vituo.

Mwaka mzima nimeenda zahanati moja, siitaji, na swali ni lilelile, mama kwa siku unakojoa mara ngapi? Nasema saba, nane. Aah hiyo mbona kawaida, naandikiwa dawa za UTI, natoka. Hakuna aliyeniuliza hizo nane nazipataje. Siku ya safari maji sigusi, kwenye Coaster nagombania siti ya mlangoni, na kabla gari halijatoka nimeshalipia choo cha stendi mara mbili hata kama sina mkojo. Ukijibana hivyo hesabu lazima itoke nzuri, ila konda akigoma kusimama Kikatiti tuchimbe dawa hapo ndo utajua nina nini.

Baadaye nesi wa sehemu nyingine, baada ya kupima mkojo na sukari na kuona viko sawa, akanipa karatasi ya siku tatu nijaze. Saa, mililita (nilitumia kikombe cha plastiki cha kupimia unga, sasa hivi kina kazi hiyo tu) halafu namba ya haraka. 0 umeenda tu bila kubanwa, 1 unaweza kusubiri unavyotaka, 2 unasubiri kidogo, 3 husubiri unakimbia, 4 umeshalowa kabla hujafika. Jamani, zile safari zangu za stendi zote zilikua 0! Ila siku ya pili jioni nimeshika funguo mlangoni kwangu, 3, kwenda kupima mililita 90, wakati kibofu cha mtu mzima kinabeba 300 na zaidi. Yaani hakijajaa, msuli wake ndo unajikamua kabla ya wakati.

Kiswahili chetu nacho kinatuponza maana neno ni moja tu, kubanwa. Aliyekunywa soda mbili kabanwa, na mimi nimebanwa, wakati wataalamu wa kimataifa tangu 2002 wanasema dalili kuu ya ugonjwa huu wa kibofu kujikamua ovyo (kwa Kiingereza overactive bladder) ni ile haraka ya ghafla isiyovumilika, hayo ya kwenda mara nyingi na kuamka usiku huwa yanafuatana nayo.

Daktari alivyoona karatasi hakuandika antibayotiki. Kanipa mazoezi ya kukaza misuli ya chini, nipunguze kahawa, maji ninywe kama watu, na nikibanwa nichelewe dakika tano kwanza.

Ombi langu, ukurasa wenu wa afya uchapishe hizo namba kwa maneno ya kawaida watu wakate waende nazo hospitali. Na mtaalamu afafanue vizuri 2 na 3, mimi bado zinanichanganya hasa gari likiwa linatembea.

Mama Vitenge,
Arusha