Mabibo hayapandi basi

Sisi tunaotembeza wageni kutoka Mikindani, kila mwaka ikifika Juni simu zinaanza: "Nakuja Mtwara wiki ijayo, nataka nile mabibo, nionje na uraka, halafu mnipeleke Shimo la Mungu." Shimo la Mungu, kule Newala ukingoni mwa uwanda, sawa, lipo mwaka mzima. Lakini mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayobeba korosho, na uraka, pombe yake, je? Juni na Julai ndiyo kwanza mikorosho inaingia kwenye maua. Utakachokuta shambani ni wakulima wamejifunga vitambaa usoni wanapulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi la njano limetanda juu ya miti. Mgeni mmoja alipiga picha akidhani ni ukungu wa asubuhi.

Wengine wakisikia hivyo wanasema, "Basi msimu ukifika mnitumie Dar." Jamani, tulishajaribu. Mteja wetu mmoja, mama mtu mzima aliyezaliwa Tandahimba, alituomba mabibo kidogo tu, kwa hamu. Tukachagua yaliyoanguka alfajiri ile ile, mekundu na ya njano, tukajaza ndoo, tukafunga kifuniko, tukakabidhi kwenye basi. Zaidi ya kilomita 500 za joto. Kabla hata ya kufika, kifuniko kilishafyatuka, povu limemwagikia begi la mtu na konda anatupigia simu kwa maneno ambayo hatuyaandiki hapa. Begi tulilifua sisi.

Bibo ngozi yake ni nyembamba, ndani ni maji na sukari. Likishaanguka linaanza kuchacha siku hiyo hiyo. Kesho yake ukiligusa kidole kinazama. Zabibu za Dodoma zinasindikwa, mvinyo unafungwa kwenye chupa, na wewe unaunywa Mbeya au Tanga bila kuijua Dodoma. Uraka haukubali hivyo. Ni maji ya mabibo yaliyokamuliwa, yakachujwa na kuachwa yachachuke yenyewe, na hayaachi kuchachuka kwa sababu wewe umeshanunua. Wa asubuhi ni mtamu kama juisi, wa jioni unauma ulimi. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, jirani na Mtwara mjini, wamefanyia kazi juisi, jemu na hata mvinyo wa mabibo, na tunawaombea heri. Lakini bibo lenyewe, la chini ya mti, unalifuata kwa miguu yako.

Kwa hiyo safari yetu ya Newala tunaipanga Oktoba na Novemba. Tunatoka Mikindani alfajiri, tunapita Naliendele, kwenye ile lami ya kilomita 50 ya Mtwara hadi Mnivata. Kuanzia hapo tunapanda uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba, na mikorosho inakufuata pande zote mbili hadi unachoka kuihesabu. Shambani tunaingia kwa mwenyeji tunayemfahamu, na shikamoo inatangulia kabla ya kamera. Bibo atakupa bure. Korosho ing'oe umwachie, hiyo ndiyo ada ya watoto wake. Na tafadhali usiitie mdomoni mbichi na ganda lake: mafuta ya ganda yanababua midomo, utarudi kwenu kama uliyebusu pasi. Vaa nguo nyeusi au kuukuu, kwani maji ya bibo yakikauka kwenye shati jeupe, doa hilo halitoki kwa sabuni yoyote tuliyowahi kununua.

Uraka tunakuonjesha, glasi moja au mbili. Gongo ya mabibo msituombe. Ni kinyume cha sheria, na hata ingeruhusiwa, dereva wetu ana barabara ya kurudi.

Shimo la Mungu tunakwenda saa kumi jioni, siyo mchana. Mchana jua linafuta kila kitu, unaona weupe tu. Jioni uwanda unakatika ghafla mbele ya miguu yako, chini kabisa kuna bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo wa pale una nguvu, kofia ishike. Watu huwa wananyamaza wenyewe, hata wale waliokuwa wanaimba garini.

Mkitaka kuongeza siku, kuna ufukwe wa mchanga wa Msimbati, na hapa hapa Mikindani kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895 na bandari ambayo Livingstone alipitia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Hayo hayana msimu.

Newala vyumba hugombewa wakati wa minada ya korosho, kwa hiyo tupeni taarifa mapema Septemba. Mvua zikiwahi, kipande cha mbele ya Mnivata kinaweza kutuchelewesha na tutalala huko. Gharama ya usiku huo tunagawana nusu kwa nusu. Na kama mna watoto wadogo semeni mapema, tuweke mtu wa kuwaangalia mikono wakiwa chini ya mikorosho.