Kumjua muuaji mapema hakuharibu Columbo

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaosema Columbo ni tamthilia ya upelelezi isiyo na fumbo, kwa kuwa muuaji anaonyeshwa tangu mwanzo. Naomba nafasi niwapinge. Fumbo lipo: hatuulizi nani kaua, tunauliza amekosea wapi.

Richard Levinson na William Link, waliomuumba Columbo, luteni wa polisi wa Los Angeles, walilijenga jambo hilo kwa makusudi. Peter Falk aliigiza nafasi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na mfululizo ukaanza kwenye NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, mwaka 1971. Mara nyingi dakika 15 au 20 za mwanzo ni za muuaji peke yake. Columbo hata hajatokea. Mtazamaji anayezikosa, au kituo kinachozikata ili kupata nafasi ya matangazo, kimebakiwa na mabishano tu, maana kosa limewekwa humo humo, mbele ya macho yetu.

Chukua kipindi cha 1973 ambamo Donald Pleasence ni mtengenezaji wa mvinyo. Anamfungia ndugu yake ghalani, anazima mtambo wa hewa ili afe kwa kukosa pumzi, kisha anasafiri. Tunamwona akizima. Hatukumbuki kwamba mtambo huo ndio unaoipooza mvinyo. Joto kali linapanda mjini, hazina yake yote inaharibika bila yeye kujua, na Columbo anahakikisha analetewa mezani chupa iliyotoka ghala lile lile. Ulimi wake wa kitaalamu unaikataa papo hapo, na kwa kuikataa anajishtaki.

Au kile cha 1974 cha mpigapicha, aliyeigizwa na Dick Van Dyke. Anamuua mkewe, na ndani ya picha aliyompiga kabla ya kumuua kuna saa ya ukutani aliyoirekebisha ionyeshe saa nane mchana, wakati ambapo yeye alikuwa mbele ya mashahidi. Columbo anaichapisha picha kinyume, na saa nane inasomeka saa nne asubuhi, wakati ambao hana shahidi. Kwa hasira, ili kuthibitisha kwamba picha imegeuzwa, mpigapicha anakimbilia rafu iliyojaa kamera na kuichukua ile yenye negativu, yaani filamu asili ya picha hiyo, kamera ambayo ni muuaji tu angeijua.

Waandishi wanaoiga mtindo huu huanguka mahali pamoja: wanaleta ushahidi dakika za mwisho, kitu ambacho mtazamaji hakukiona. Hapo mpelelezi anaonekana mpiga ramli. Wengine humfanya muuaji mjinga, na kumshinda mjinga hakuna ladha.

Hata yale maswali ya Columbo ya mlangoni, akiwa ameshaaga, si vichekesho. Yanamkuta mtu amelegea. Anaulizwa jambo dogo, anatoa maelezo ambayo hakulazimika kuyatoa, na kuanzia hapo maelezo hayo yanamfunga.

Nakiri kwamba baadhi ya mitego yake ingeyumba mahakamani, kwa sababu inategemea muuaji ashtuke mbele ya watu. Huo ni udhaifu wa kweli, hasa katika vipindi vya mtandao mwingine wa Marekani, ABC, vilivyoanza mwaka 1989.

Kwa hiyo ombi langu kwa vituo vinavyorudia tamthilia hii ni moja: kama lazima mkate, kateni katikati, kwenye safari za Columbo ndani ya gari lake chakavu, Peugeot 403. Mwanzo uacheni mzima.

Mpenzi wa tamthilia za upelelezi